Kava ya Kiti cha Nyuma

Karatu Mjini,
Nyuma ya gereji ya zamani,
Jumapili, 13 Oktoba 2024.

Kwako Dada Angela,

Shikamoo, dada. Kabla ya yote naomba unifikishie shikamoo yangu kwa Bibi, na Nasha umwambie kwamba bado namkumbuka. Goti la Bibi linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema akishuka kuchota maji hurudi akiwa ameshika kiuno, na ulikuwa na wasiwasi. Na Nasha je, ameshazoea darasa la tatu? Ulitusimulia kwamba mwalimu wake hutumia kalamu nyekundu hata anapoandika "vizuri sana", na mtoto alikuwa akirudi nyumbani analia kwa sababu anadhani kila chekundu ni kosa. Natumaini siku hizi anasoma kwanza, ndipo anaamua kama atalia.

Sisi huku tupo. Mama anaendelea, ila mgongo unamsumbua akiinama muda mrefu. Kaka Dennis yuko Arusha anajifunza ufundi wa umeme, na kila akipiga simu huuliza habari zako, kwa sababu hakuna aliyemweleza. Mimi ni mzima, lakini nimechoka. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba mtu akiulizwa hali aseme hali, asiseme "nzuri" kama anayefukuza kuku.

Barua hii nimempa Judith, yule jirani yetu muuza nyanya, kwa sababu huwa anakuja gulioni huko kwenu Endabash. Amesema atauliza nyumba ya Bibi na haitamshinda. Ningeweza kukupigia simu. Ukweli ni kwamba nilikupigia mara mbili mwezi wa tisa kwa simu ya jirani, na mara zote mbili uliposema haloo nilikata. Unisamehe kwa hilo. Yapo na mengine ya kusamehewa, nitayafikia. Naomba unisome taratibu kwa mpangilio tuliofundishwa shuleni: salamu kwanza, kisha habari, kisha jambo lenyewe.

Habari ya kwanza ni ya kazi. Tangu ile Jumatano, tarehe nne mwezi wa tisa, Mama alipokwambia mbele ya Kaka Kisioki kwamba kava ya kiti cha nyuma imepotelea mikononi mwako na kwamba kesho yake usirudi, hapa nyumbani hakuna kitu kilichokaa sawa. Mama hajachukua mtu mwingine wa kufua. Anasema hajapata anayefaa, lakini sijamwona akitafuta. Kava za magari ya watalii zinaletwa jioni kama kawaida, wakati mwingine za magari manne kwa pamoja, na za gari moja kati ya hayo huhitajika kupanda mlima tena asubuhi. Tunafua wawili. Bomba linatoa maji Jumanne na Ijumaa tu, siku nyingine tunanunua ya madumu yanayoletwa na bodaboda, nayo huja na tope lake mwenyewe.

Wiki ya kwanza Mama alizilowanisha kava zote kabla ya kuzikung'uta. Nilimwona nikanyamaza, nikidhani anajua anachofanya. Wewe ulikuwa ukisema kila siku kwamba vumbi la huku lazima lipigwe likiwa kavu, kwa sababu likishaonja maji linakuwa udongo wa kusiliba nyumba. Kwao Mama, Machame, vumbi si kama hili, na miaka yote hii aliyokaa Karatu nadhani alikuachia wewe jambo hilo akalisahau. Kava kumi na mbili zikatoka na rangi ya waridi. Kaka Kisioki alipoegesha gari lake la watalii alizishika, akazigeuza huku na huku, akasema kwa upole kwamba wageni wake watadhani wanapelekwa harusini. Mama hakucheka. Tulizirudia mara tatu, mpaka ngozi ya vidole vyangu ikapasuka kwenye maungio, na bado ukizitazama kwa jua unaona.

Siku hizi nakung'uta kabla ya kwenda shule na kusuuza nikirudi. Wiki iliyopita nilisinzia kwenye kipindi cha Historia. Mwalimu aliniita jina, nikasimama, nikamjibu, "Zimeshakauka, Mama." Darasa lilicheka mpaka wa darasa la jirani wakaja kuchungulia. Sasa hawaniiti Ndeshi tena. Nikipita uwanjani nasikia tu, "Zimeshakauka, shikamoo." Naitikia marahaba, kwa sababu nikikasirika wataongeza.

Habari ya pili ni ya shule, nayo naomba uisome kwa makini kidogo, maana wewe umo ndani yake.

Unakumbuka mwezi wa sita, siku niliporudi nikalalamika kwamba nataka kuchora lakini Karatu hakuna cha kuchora isipokuwa vumbi? Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo na daftari langu. Ulicheka, ukaniambia, "Msomi, sogea huku nikufungulie kitabu changu." Ukachukua kava moja kabla hujaikung'uta, ukaitandika kwenye benchi taratibu, kama mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa. Mimi niliona uchafu. Ukaniambia nisiangalie uchafu, niangalie pale ambapo uchafu haupo.

Ilichukua muda. Kisha nikaona. Pale mtu alipokaa kutwa nzima palikuwa peupe, na vumbi lilikuwa limemzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Ukanionyesha kwamba wageni huvua viatu na kusimama juu ya viti ili watoe vichwa kwenye paa la gari lililofunguliwa, kwa hiyo nyayo zao hubaki. Ukanifundisha kwamba lile vumbi jekundu ni la barabara ya kupandia geti la Lodoare la kuingilia hifadhini na ndilo huingia kwanza, kisha jivu la volkano la chini kwenye bonde la kreta hukaa juu yake, na ule weupe unaofanana na chumvi ni wa upande wa ziwa. Ulikuwa unaijua safari yao yote, nawe hujawahi kuvuka lile geti.

Siku ile ulinyooshea kidole kava moja ukasema huyu hakusimama hata mara moja. Nikasema labda alikuwa mgonjwa. Ukasema mgonjwa huegemea upande mmoja, huyu amekaa wima, huyu roho yake haikuwa garini. Kaka Kisioki alipokuja kuchukua zilizokauka tukamuuliza. Alishangaa mpaka akaketi. Akasema alikuwa mama mmoja mzee ambaye mumewe alifariki mwaka jana kabla ya safari yao, na mama yule alikuwa na picha yake mkobani, akawa anaitazama picha huku wenzake wakitazama simba. Alisema mama yake mwenyewe huko Nainokanoka akiona alama ya ukwato ardhini hutaja ng'ombe aliyepita na kumgombeza aliyemwacha apite, lakini hajawahi kusikia mtu wa kusoma viti. Tangu siku hiyo akakuita Mganga wa Vumbi, nawe ukamjibu kwamba mganga hulipwa mbuzi, na kwake hujaona hata mkia.

Nilikuwa nafurahi sana jioni zile, dada. Sikuwahi kukwambia.

Sasa mwezi wa nane Mwalimu Noel, anayetufundisha Kiswahili na kusimamia klabu ya sanaa, alitupa kazi. Kila mmoja alete picha moja kwa ajili ya maonyesho ya shule mwishoni mwa mwezi wa tisa, na wageni kutoka Arusha wangechagua tatu za kwenda kuonyeshwa huko mwezi wa kumi na moja. Tukaleta picha arobaini na tatu. Thelathini na moja zilikuwa za tembo. Zilizobaki zilikuwa za simba, na chache za Mmasai aliyesimama kwa mguu mmoja na mkuki. Mwalimu alizitandaza juu ya madawati, akazizunguka, chaki kwenye sweta lake, akauliza nani kati yetu amewahi kushuka kreta. Mikono minne ilinyooka, na mmoja ulikuwa wa Yohana ambaye baba yake ni askari wa wanyamapori. Akauliza, basi hawa tembo wote mmewaona wapi? Yohana akasema, "Mwalimu, hawa wametoka kwenye mchoro wa mlangoni mwa gari la watalii. Hata kucha hawana." Tulicheka, lakini Mwalimu alionekana amechoka kweli. Akasema turudi nyumbani, tumletee kitu tunachokiruka kwa miguu kila siku bila kukitazama.

Na mimi picha yangu ilikuwa ya tembo. Chini yake Mwalimu alikuwa ameandika kwa penseli, "Huyu umemwona wapi?" Nilitembea nayo mpaka nyumbani nikiwa na hasira, kwa sababu sikuwa nimemwona popote.

Hapa naruka jambo moja. Nitalirudia.

Maonyesho yalifanyika Ijumaa, tarehe ishirini na saba. Mama hakuja kwa sababu ya kava. Picha yangu ilitundikwa ukutani karibu na dirisha. Ilikuwa ya watu ambao hawapo. Upande wa kushoto mtu mmoja ameketi, ameacha nafasi yake tu. Upande wa kulia amesimama mtu mzima, nyayo zake bapa, zimekanyaga sana, na katikati ya nyayo hizo pana vidole kumi vidogo bila visigino, vya mtoto aliyesimama kwa ncha za vidole huku ameshikwa asianguke. Juu kidogo pana alama ya kiganja cha mtoto huyo, aliposhika mara ya kwanza akiogopa. Hakuna mnyama hata mmoja. Mgeni mmoja wa kike kutoka Arusha alisimama pale muda mrefu, akasema amekuja huku mara nyingi na hii ndiyo mara ya kwanza kuona picha ya kreta ambayo inamfanya atake kujua mtoto yule aliona nini. Mwalimu Noel alifuta miwani yake. Yohana akanong'ona, "Zimeshakauka leo umetuua," na safari hii hakuwa ananidhihaki.

Picha yangu ikachaguliwa. Yule mgeni akaniuliza mbele ya watu wote ni nani aliyenifundisha kutazama namna ile. Nikamjibu, "Nimewaza mwenyewe."

Wakapiga makofi. Nami nilikuwa nimechoka kiasi kwamba makofi yale niliyasikia kama mtu anayekung'uta kava uani.

Habari ya tatu ndiyo iliyonikalisha kuandika. Alhamisi iliyopita, nikiwa nasuuza, Mama alipigiwa simu na Mama Clara, msimamizi wa dobi katika kambi moja ya wageni upande wa Rhotia. Nilisikia upande wa Mama tu, lakini nilielewa. Ulikuwa umeomba kazi huko, wakapenda unavyofanya, wakataka kwanza kumuuliza uliyefanya naye kazi kabla yao. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi siwezi kumwita mtu mwizi, dada yangu. Ila kwangu kitu kilipotea." Akasema unajua kufua kuliko wote aliowahi kuwa nao. Akarudia kwamba kitu kilipotea. Alipokata simu aliendelea kukamua kava ile ile ambayo ilikuwa imeshakamuliwa. Nilijua kwamba hiyo kazi hutaipata. Labda wewe ulishajua siku hiyo hiyo, na hukujua kwa nini.

Ijumaa Mwalimu Noel akanipa karatasi. Picha zote za Arusha zinatakiwa ziambatane na maelezo mafupi ya mchoraji mwenyewe: wazo lilitoka wapi, na alikiona vipi kitu ambacho wengine hawakioni. Alinitaka niyalete Jumatatu. Nilikaa nayo baada ya kazi. Niliandika, "Usiangalie uchafu, angalia pale ambapo uchafu haupo." Nikaisoma, nikasikia sauti yako. Nikaikata. Nikaandika kuhusu vumbi jekundu linaloingia kwanza. Hiyo nayo ilikuwa yako. Nikaandika kuhusu mtu aliyekaa wima. Nilikata kila mstari, na mwisho kwenye karatasi lilibaki jina langu tu.

Sasa nimefika, dada. Jambo lenyewe ni hili. Kava ya kiti cha nyuma niliichukua mimi.

Ilikuwa Jumanne, siku moja kabla. Nilirudi na yule tembo wangu, nikakuta mmeshusha kava, wewe umekwenda bombani kupanga ndoo. Ile ilikuwa juu ya lundo, imekunjuka. Nikaona vile vidole kumi vidogo. Sikuwaza kuiba, nakuapia. Niliwaza tu kwamba ukirudi utaichukua fimbo uikung'ute, na mtoto yule atapotea, na hakuna atakayejua kwamba alisimama pale. Nikaikunja ndani kwa ndani ili vumbi lisidondoke, nikaiweka chini ya godoro langu. Nilipanga kuichora kwenye karatasi kisha niirudishe kesho yake. Lakini kesho yake ilikuwa Jumatano, na Kaka Kisioki alikuja mapema, akahesabu kava, akasema ya kiti cha nyuma haipo.

Wiki ile ulikuwa umemwomba Mama kava moja iliyochakaa umshonee Nasha mkoba wa shule, na Mama alikuwa amekwambia usubiri. Ndiyo maana alikutazama wewe. Nilikuwa mlangoni, nimevaa sare, tai mkononi, alipokwambia ufungue kapu lako. Ulimwambia, "Mama Dennis, mimi kitu chako sijachukua," mara moja tu, hukurudia. Ukatoa vitu kimoja kimoja mwenyewe kabla hajaingiza mkono: khanga yako, kipande cha sabuni, na viatu vya Nasha ulivyokuwa umevipeleka kwa fundi. Kaka Kisioki alitazama pembeni. Ukanitazama mimi. Sijui kama ulijua. Nilifunga tai yangu nikaenda shule.

Jioni yake ningeweza kusema. Niliogopa Mama. Wiki iliyofuata ningeweza kusema, na nikaogopa zaidi, kwa sababu sasa palikuwa na siku saba za kunyamaza za kueleza. Kisha nilijaribu kuichora kwenye karatasi na haikuwezekana, kila nilichochora kilikuwa tembo mwingine. Kwa hiyo nikachukua mkaa wa jikoni, nikapitisha mstari mwembamba kwenye kingo za vumbi, nikaiwamba kava yenyewe kwenye kipande cha mbao, nikaipeleka. Mwalimu Noel aliniuliza kitambaa nimepata wapi. Nikasema Mama amenipa, kimechakaa. Kilichotundikwa ukutani, dada, kikapigiwa makofi, ndicho ulichofukuziwa kazi. Na maneno niliyosema ni yangu yalikuwa yako. Nimekuchukulia mara mbili.

Jana nilimwambia Mama. Nilichagua wakati mikono yake iko ndani ya beseni, nikidhani itakuwa rahisi. Hakunipiga, wala hakupaza sauti. Aliuliza kava iko wapi. Nikasema shuleni, ukutani. Akaligeuza beseni maji yakamwagika yote, akakaa juu yake, na ilikuwa Jumamosi, maji ya kununua. Alikaa hivyo mpaka zile zilizokuwa kambani zikaanza kupepea. Kisha akafuta mikono, akampigia Mama Clara. Akamwambia kitu hakikupotea, kilikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, na kwamba alimsemea mtu vibaya. Mama Clara akamjibu kwamba amesikia, ila nafasi ile walishampa mwingine juzi.

Mama alirudi akanikuta nimesimama pale pale. Akaniambia, "Kunyamaza ni kosa lako, utalibeba. Kumfungulisha kapu mbele ya mwanamume aliyeleta kazi, hilo ni langu." Wakati wa kula akaniongezea maharage, na hapo ndipo nililia.

Leo baada ya ibada nilimsubiri Mwalimu Noel atoke kwaya, nikamweleza yote kama nilivyokueleza. Alivua miwani, akaishika tu bila kuifuta. Sikumwomba anitetee. Alisema kazi yenyewe ni nzuri kama ilivyokuwa jana, na hilo ndilo linalomsikitisha. Akasema haitakwenda Arusha kwa jina langu peke yangu, na haitakwenda kabisa kama wenye kava na mwenye maarifa hawajakubali. Kesho ataishusha, aniache nirudi nayo nyumbani. Waandaaji watamsubiri mpaka mwisho wa mwezi. Zaidi ya hapo nafasi anapewa Yohana, ambaye alichora soli za viatu vya baba yake, na nimeziona, zinastahili.

Kaka Kisioki amepigiwa simu. Alichukua muda kuelewa, kisha akauliza kama ni kweli ile kava aliyonunua nyingine kuziba pengo lake imekuwa picha. Mama akasema ni kweli. Akasema kwa upande wake iwe vyovyote Mganga atakavyosema.

Kwa hiyo ombi letu ni hili. Jumamosi ijayo, tarehe kumi na tisa, Mama anataka kuja Endabash. Hakusema nikuandikie kwamba urudi kazini. Nilimuuliza, akasema hilo haliombwi kwa barua, na haliombwi kabla ya lile lingine la kukuomba radhi. Amemwomba Kaka Kisioki aje naye, ingawa ni siku yake ya mapumziko, kwa sababu alikuwepo kapu lilipofunguliwa, na Mama anasema atakayosema ni lazima yasikiwe na masikio yale yale. Mimi nitakuja nimebeba kava. Sijaifua. Nataka uione kwanza, na uniambie niliposoma vibaya, kwa sababu yule wa kushoto sina hakika naye. Ukisema iende Arusha na jina lako likiwa la kwanza, itakwenda hivyo. Ukisema ifuliwe, nitaikung'uta hapo hapo uani kwenu ikiwa kavu, kisha nitaifua, na sitanung'unika. Ukinyamaza pia nitaelewa, kwa kuwa mimi ndiye niliyeanza kunyamaza.

Usihangaike kutuandalia chochote. Tutasimama barabarani, hatutaingia uani mpaka tuitwe. Kama hutaki kutuona, mtume Nasha aje aseme hupo, hata kama tunakuona mlangoni. Tutamshukuru na tutageuza. Mama na Kaka Kisioki watarudi kwenye kazi zao, nami nitakuja tena Jumamosi inayofuata.

Msalimie Bibi kwa mara nyingine, na kila anayenifahamu hapo kwenu. Mama anasema yeye hatumi salamu kwa karatasi, atakuletea mwenyewe.

Ni mimi,
Ndeshi.